Boliti Niliyoificha Mojave

Kila Ijumaa asubuhi, kabla ya kengele ya shule, tulitembea kwenye njia ya kurukia ndege. Mkurugenzi wa kampuni, mafundi, mpishi na sisi watoto wa wafanyakazi tulijipanga mstari mmoja, bega kwa bega, macho chini, ndoo mkononi. Tuliokota kokoto, vipande vya waya, chochote ambacho kingeweza kuingia kwenye injini na kuiharibu.

Siku hizi watoto hawaruhusiwi kufika pale, na watu wanaokwenda anga za juu kwa vyombo vya kampuni binafsi hawatushangazi tena. Wakati ule mjini kwetu Mojave, katika jangwa la California, tulikuwa watu thelathini na banda moja linaloingiza mchanga, tukitaka kumpeleka mtu anga za juu kwa chombo chetu wenyewe, jambo ambalo serikali kubwa tu ndizo zilizoliweza. Nikikumbuka asubuhi zile, bado nasikia harufu ya mafuta ya ndege na kahawa ya Mama.

"Ulichookota kiende kwenye ndoo," Mama, msimamizi wa mstari, alisema kila wiki. "Hata kama ni jino lako."

Ijumaa moja niliokota boliti fupi inayong'aa. Nikaangalia kushoto na kulia, nikaitia kwenye soksi.

Sababu ilikuwa Travis wa darasa letu. "Noreen, mama yako mwokota takataka tu," alizoea kunicheka. "Roketi gani? Banda lenyewe mlango haufungi!" Basi wakati wa mapumziko nikamwonyesha boliti. "Hii imetoka kwenye chombo chenyewe," nikajigamba, bila kujua kama ni kweli. Travis akaomba aishike. Siku nzima nilitembea kifua mbele.

Jioni jirani yetu Wade Tillery, rubani wa chombo, alikuja kula maharage na tortila, zile chapati za mahindi, kwetu. Alhamisi alikuwa amekirusha kwa majaribio bila kuwasha roketi. Kesho yake angeiwasha, aende hadi kule anga linakokuwa jeusi.

"Graciela, pilipili hii itanifikisha juu bila roketi!" alimwambia Mama, machozi yakimtoka. Kisha akanigeukia. "Noreen, nikuletee nini kutoka kule?"

"Kule hakuna kitu, Mjomba."

"Basi nitakuletea hicho hicho."

Mama akacheka. Mimi nikaikumbuka boliti soksini. Je, kama nilichomwambia Travis kilikuwa kweli? Niliinama, nikaitoa boliti, nikaiweka kando ya sahani ya Mjomba Wade.

"Niliiokota asubuhi. Sikuiweka kwenye ndoo."

Mama aliichukua. Aliigeuza kwenye mwanga, akasoma namba zilizochongwa kwenye kichwa cha boliti, akachukua funguo za gari.

Bandani, fundi Orrin alikagua chombo boliti kwa boliti. Alipofika mkiani, mkono wake ulisimama. "Hapa," alisema kwa sauti ndogo. Boliti nne zilitakiwa kuwapo. Zilikuwa tatu na tundu tupu.

Safari iliahirishwa. Asubuhi yake wafanyakazi wote walikusanyika, nami nikasubiri kusemwa. Kabla Mama hajafungua mdomo, Orrin alivua kofia.

"Kosa la kwanza ni langu," alisema. "Nilikaza tatu, ya nne nikaishikiza kwa vidole, nikaitwa kwenye simu. Niliporudi nikatia saini kwamba zote zimekazwa. Mtoto amesema lake. Mimi mtu mzima nitanyamazaje?"

Hakuna aliyemzomea. Walikikagua chombo upya kwa siku tatu.

Jumanne tuliona mstari mweupe ukipanda wima angani, kisha kimya kirefu, kisha kidoa kikirudi taratibu kuelekea kwetu. Wade alishuka akicheka.

"Mjomba, uliogopa?"

Alichuchumaa mbele yangu. "Kule juu? Hapana. Wewe na Orrin mlikuwa mmeshasema. Siku moja watapanda walimu, wakulima, watu wasiotujua hata majina, wakiamini kwamba hapa chini hakuna aliyeficha kitu. Injini nzuri hununuliwa, Noreen. Ukweli lazima utoke kinywani mwa mtu, na utoke kabla rubani hajafunga mkanda."