Sita au Kumi na Sita

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Darlène alimkagua mdogo wake meno. Junior, mwenye umri wa miaka saba, alisimama mbele ya kioo cha bafuni na povu la dawa ya meno hadi kidevuni, naye dada yake akawasha tochi ya simu ya mama yao na kumwamuru apanue mdomo. Alihesabu ya juu, akahesabu ya chini, kisha akamwambia aume meno polepole ili aone kama safu mbili zinakutana. Zilikutana barabara. Kila zilipokutana, Darlène, msichana wa miaka kumi na miwili, alifurahi kana kwamba yeye ndiye aliyezipanga.

"Dokta, shule haimungoji muntu," Maman Cécile, mama yao, aliita kutoka jikoni.

Nyumba nzima ilimwita Dokta, na hilo lilikuwa na sababu yake. Oktoba iliyopita Junior alianguka na trotinete, kile chombo cha magurudumu mawili cha kusukuma kwa mguu, kwenye mteremko wa mtaa wao wa Jette, mjini Brussels. Taya lilivunjika mahali pawili. Alipelekwa kwenye hospitali kubwa ambako Maman Cécile anafanya kazi jikoni, na huko Dokta Lien, mwanamke Mflemi, yaani Mbelgiji wa lugha ya Kiholanzi, mwenye vidole virefu, akaunganisha vipande kwa vibati vyembamba vya chuma na skrubu ndogo kuliko punje ya mchele. Baada ya wiki chache Junior alikuwa anatafuna mkate. Kuanzia siku hiyo Darlène hakutaka kuwa kitu kingine chochote duniani.

Alimfuata yule daktari kwenye korido ya hospitali akamuuliza mtu anafikaje pale. Dokta Lien, barakoa bado usoni na muuguzi tayari anamwita, akajibu kwa Kifaransa chenye lafudhi ya Kiflemi kwamba alisomea udaktari wa mwili, akasomea na udaktari wa meno, vyote viwili. Akataja idadi ya miaka, akaenda zake. Darlène alisikia *six ans*, yaani miaka sita. Alitaka kuuliza tena, lakini aliona haya kuonekana mtu asiyeelewa Kifaransa, yeye aliyezaliwa papo hapo Brussels.

Habari ilipofika nyumbani, Papa Modeste, dereva wa basi la mjini, aliipokea kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Yeye mwenyewe aliacha chuo huko Bukavu akiwa mwaka wa pili, karo ilipokwisha, na tangu hapo hakupenda kusikia habari za masomo marefu. Akapiga hesabu kwa vidole: mtoto anamaliza sekondari na miaka kumi na minane, ongeza sita, ni ishirini na nne.

"Six ans, bon, six ans tunaweza," alisema. "Ingekuwa zaidi, ningekuambia tafuta kazi ingine, mutoto wangu. Masomo yasiyoisha yalinikula mimi."

Siku hiyohiyo alimpigia simu kaka yake Bukavu. Ilipofika Jumapili, wanakwaya wote wa parokia yao walikuwa wakimsalimia Darlène kwa jina la Dokta.

Mwezi Machi mwalimu wao, Madame Fernande, aliwapa wanafunzi wa darasa la sita kazi ya kusisimua: kila mmoja aonyeshe njia ya kufikia kazi anayoitamani, na aieleze Jumamosi mbele ya wazazi. Darlène aliomba bunda la karatasi ya risiti kwa Tonton Aaron, mdogo wa mama yake, mwenye duka la vyakula karibu na kituo cha treni cha Gare du Midi. Akaikunjua sakafuni darasani, akaipima kwa miguu yake, kila mwaka hatua moja. Hatua sita zilitosha kutoka dirishani hadi ubaoni. Rafiki yake Sephora alimsaidia kuchora moyo upande mmoja na jino upande wa pili.

Gilles, ambaye mama yake ni daktari wa meno, alikuja akainama juu ya ile karatasi.

"Mama yangu alisoma miaka mitano, meno peke yake," alisema. "Wewe utapata meno na mwili mzima kwa miaka sita? Utakuwa unasoma hata ukiwa umelala."

Darasa likacheka. Darlène akajibu kwa ukali kwamba labda mama yake Gilles alisoma polepole, na kicheko kikahamia upande wa pili. Lakini neno la Gilles lilikuwa limeshamwingia, kama punje ya mchanga ndani ya kiatu.

Siku iliyofuata ilikuwa Jumatano, siku ambayo shule hufungwa saa sita mchana. Maman Cécile aliwapeleka watoto wote wawili hospitalini, kwa kuwa Junior alikuwa na miadi ya kuangaliwa taya. Dokta Lien alimpapasa, akamwambia aume kijiti, akatabasamu. Wakati mama akimrudishia Junior koti lake na kujaza karatasi kwa karani, Darlène alitoa ile karatasi ya hatua sita na kuikunjua mezani.

Safari hii daktari hakuvaa barakoa. Aliisoma yote, akaigeuza kuona kama kuna kitu nyuma.

"Hii ni nzuri," alisema. "Lakini ile miaka kumi mingine umeiweka wapi?"

Darlène akamkazia macho. Daktari akachukua kalamu akaandika namba pembeni: 16. Siku ile kwenye korido alikuwa amesema *seize ans*. Kwa masikio, tofauti ni sauti moja tu: sizan ni miaka sita, sezan ni miaka kumi na sita. Kwa Kiswahili hakuna ambaye angezikosea. Ila nyumbani kwa kina Darlène, kama kwa Wakongo wengi wa Brussels, maneno yalikuwa ya Kiswahili na hesabu zote zilikuwa za Kifaransa.

Dokta Lien akamhesabia njia aliyoipita yeye. Miaka sita ya udaktari. Halafu miaka minne ya meno, kwa kuwa aliye daktari tayari husamehewa mmoja, akiwa amerudi kukaa na vijana wa miaka kumi na tisa waliomwita shangazi. Halafu miaka sita ya kujifunza upasuaji wenyewe, hospitalini, chini ya macho ya wakubwa. Hakumficha gharama. Kila mwaka wa chuo una ada yake, vitabu vina bei, na wanafunzi wa meno hununua vifaa vinavyojaza sanduku zima. Wikendi aliuza tiketi kwenye jumba la sinema. Wenzake wa shule ya msingi walikuwa wameshanunua nyumba wakati yeye bado anapanga chumba kimoja mtaa wa Etterbeek pamoja na panya. Ni ile miaka sita ya mwisho tu ndiyo alianza kulipwa mshahara.

"Haiwezi kufupishwa?" Darlène aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ningejua mwili bila meno, taya la mdogo wako lingepona, lakini meno ya juu yasingekutana na ya chini. Ningejua meno bila mwili, ningefanya nini damu ikikataa kukatika? Hapana, mpenzi. Ila usifikiri ni miaka kumi na sita ya kungoja. Mwaka wa tatu nilisikiliza moyo wa mtu kwa mara ya kwanza. Mwaka wa tisa niling'oa jino la mtu kwa mara ya kwanza, nikiogopa kuliko mgonjwa mwenyewe. Mwaka wa kumi na mbili nilishika taya."

Kila alipotaja mwaka, Darlène alisikia damu ikimchemka kwa hamu. Moyo wa mtu! Alitaka kuuanza ule mwaka wa kwanza papo hapo, pale mezani. Kisha akamkumbuka baba yake na maneno yake: ingekuwa zaidi, tafuta kazi ingine. Hamu ikageuka baridi.

Nyumbani Papa Modeste alimuuliza kama kazi ya shule iko tayari, naye akaitikia kwamba iko tayari. Baba akamwambia kwa furaha kwamba amebadilishana zamu na mwenzake ili aje Jumamosi, na kwamba Tonton Aaron atafunga duka. Darlène akaamua. Angesema sita. Nani angejua? Watu wangepiga makofi, na baadaye, miaka ikishaanza, baba asingeweza tena kumzuia.

Hata hivyo mikono yake haikutulia. Alhamisi alikata karatasi nyingine na kuandika juu yake yale ya Dokta Lien. Ijumaa akaongeza, akachora, akagundisha, kwa sababu miaka hiyo ilikuwa mizuri mno kuiacha bila kuandikwa. Alipomaliza alikuwa na bunda la hatua kumi na sita. Akalisukuma ndani kabisa ya mfuko wa koti.

Jumamosi darasa lilijaa. Papa Modeste alivaa tai na kukaa mstari wa mbele, simu imeinuliwa juu, na ndani ya simu kaka yake wa Bukavu akitazama. Junior alikaa magotini pa mama. Sephora alishika ncha ya karatasi dirishani, Darlène akaishika ubaoni.

"Ili niwe daktari wa upasuaji wa kinywa, taya na uso," alianza, "nitasoma udaktari wa mwili na wa meno. Kwa miaka sita."

Papa Modeste akapiga makofi peke yake, simu ikatikisika. Gilles alifungua mdomo kutaka kuuliza, akaufunga. Wakati huo Junior alicheka, cheko kubwa la meno yote, ya juu na ya chini yakikutana barabara. Darlène aliyatazama yale meno aliyoyahesabu kila asubuhi. Angekuwa wapi Junior kama Dokta Lien angeishia hatua ya sita?

"Nimedanganya," akasema.

Akaeleza kwamba mwanzoni alisikia vibaya, lakini tangu Jumatano alijua ukweli na akauficha. Kisha mkono wake ukagusa lile bunda ndani ya koti. Alilitoa, akampa Sephora ncha, akaanza kulikunjua. Karatasi ilifika ubaoni, ikapita ubao, ikafika mlangoni, ikatoka nje kwenye korido. Madame Fernande alishika sehemu moja, Gilles akashika nyingine bila kuombwa, Tonton Aaron akainuka, Maman Cécile akainuka, na wazazi ambao Darlène hakuwajua wakapanga mstari, kila mmoja na mwaka wake mikononi. Darlène alikimbia kandokando ya karatasi akiwaeleza. Hapa nitasikiliza moyo. Hapa nitauza tiketi wikendi ili ninunue vifaa. Hapa nitarudi shuleni na vijana wataniita shangazi. Hapa nitang'oa jino, na hapa, maman, hapo uliposhika wewe, nitashika taya la mutoto wa muntu. Alisahau kabisa kuogopa. Aliongea mpaka alipofika mwisho wa karatasi, kwenye ndoano za makoti, akihema, na mwisho huo haukuwa na mtu wa kuushika.

Papa Modeste alikuwa ameteremsha simu na kuitia mfukoni mwa shati. Alitembea pole kutoka hatua ya kwanza, akisoma kila mwaka, midomo ikicheza. Watu waliinua karatasi ili asome vizuri. Alipofika kwa binti yake alisimama.

"Alors. Ni ngapi? Nijibu kwa Kiswahili."

"Kumi na sita, papa."

"Ukimaliza nitakuwa na miaka sitini na saba. Mwaka wa kuacha usukani." Alifikiri kidogo. "Meno yangu utayatengeneza wewe, kama kutakuwa na moja lililobaki."

Watu wakacheka, lakini yeye hakucheka. Akainama hadi macho yake yakawa sawa na ya Darlène.

"Sikiliza. Mimi ninaendesha basi. Abiria ananiuliza, vituo vingapi? Nikimuambia sita na vyenyewe ni kumi na sita, kituo cha saba atashuka, atasema basi limemupoteza. Na basi lilikuwa kwenye njia yake. Mimi nilishuka Bukavu kituo cha pili, na ninajua inauma namna gani. Ungenidanganya, mwaka wa saba ningesema mutoto wangu ameshindwa, ningekukasirikia bure, na wewe ungekuwa unafanya vizuri. Donc usinifupishie njia ili nifurahi. Niambie urefu wake, nijue kujipanga. Kazi ngumu siiogopi. Naogopa kudanganywa."

Darlène aliitikia kwa kichwa, machozi na tabasamu kwa pamoja. Papa Modeste akachukua ncha ya karatasi, hatua ya kumi na sita, akaishika kwa mikono miwili kama anavyoshika usukani.

Kutoka ndani ya mfuko wa shati lake sauti ya Bukavu ilikuwa inaita. Kaka yake alitaka kujua kelele ni za nini, na kama bado ni six ans.

"Hapana, kaka," Papa Modeste alisema. "Kumi na sita. Na kuanzia leo hesabu ya maana tunaisema kwa Kiswahili. Waambie wote uliowaambia."