Nyumba Iliyoruka Zamu

Pale Ibaba, nyumba isiyotoa moshi asubuhi ni nyumba yenye mgonjwa. Jua halijachomoza vizuri juu ya mlima, jirani atakuwa ameshafika mlangoni kupiga hodi na kuuliza kulikoni. Ndiyo maana Loisi, msichana wa miaka kumi na miwili, aliamka kabla ya kila mtu. Alipuliza makaa, akapanga kuni, kisha akatupia majani mabichi ili moshi uwe mzito na uonekane hadi ng'ambo ya bonde. Mara nyingi hapakuwa na chungu chochote juu ya mafiga. Ulikuwa moshi mtupu, wa kuwadanganya majirani.

Baada ya hapo alimwamsha mdogo wake Kefa, aliyekuwa na miaka mitano, akamnawisha uso na kumpa kiazi cha jana. Kisha akaenda kitandani kwa mama.

"Mama, kumekucha."

Mama yake, Marita, alikuwa macho. Alilala ameelekea ukutani, mikono ameikunja kifuani kama mtu aliyebeba kitu. Hakujibu. Loisi alimwinua kichwa, akamnywesha uji vijiko vitatu, vinne. Uji ulipomwagika shingoni, akaufuta kwa kiganja, akachukua kibao chake cha kuandikia na kukimbilia shule.

Marita hakuwa hivyo tangu zamani. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi, na kicheko chake kilisikika mtoni kabla yeye mwenyewe hajaonekana. Mwaka ule wa 1952, enzi za Mwingereza, mumewe Osea alivuka mpaka pale Tunduma pamoja na vijana wengine, wakaenda kuchimba shaba Rhodesia ya Kaskazini. Alimwacha Marita mjamzito. Mwezi wa Desemba akazaliwa mtoto wa kiume, mzuri, mwenye nywele nyingi. Akaishi siku kumi na tisa. Kikohozi kilimshika usiku mmoja, na kesho yake adhuhuri hakuwepo tena.

Sasa sikilizeni desturi ya kijiji kile wakati ule. Mtoto ambaye hajaota meno hakuliliwa. Hakukuwa na matanga, wala watu kulala msibani, wala jina kutajwa. Wazee walisema machozi yakimwagwa kwa kichanga, mama hatashika mimba tena. Bibi Tabita, mkunga wa kijiji, alimzika mtoto yule nyuma ya migomba, yeye na wanawake wawili tu, jioni ileile. Marita alipofungua kinywa ili alie, Bibi Tabita alimziba mdomo kwa kiganja.

"Nyamaza, mwanangu. Utazaa mwingine."

Marita akanyamaza. Akanyamaza siku hiyo, na kesho yake, na wiki nzima. Wiki saba zikapita bila yeye kusema neno.

Mnaweza kujiuliza kwa nini Loisi hakumwambia mtu. Msimlaumu haraka. Siku moja mtoni aliwasikia wanawake wakizungumza habari za mama mmoja wa bonde la pili, ambaye naye alinyamaza hivyohivyo. Watu walisema ana wazimu. Ndugu wa mume walimfunga kamba, na watoto wake wakagawanywa, mmoja huku, mwingine kule. Loisi alisimama na mtungi wake kichwani, akasikiliza mpaka mwisho. Alimjua baba yake mkubwa, Anyitike, aliyekaa kijiji cha Mpemba. Alijua kwamba habari zikimfikia, Kefa atachukuliwa, na mama atafungwa. Akaapa moyoni kwamba hakuna mtu atakayejua.

"Mama hajambo?" majirani waliuliza.

"Hajambo. Amekwenda kuchanja kuni."

Uongo wa kwanza ulimkwama kooni. Wa kumi uliteleza kama mlenda. Hata barua ya baba aliijibu mwenyewe, kwa mwandiko wake wa darasa la tatu: *Sisi sote hatujambo.* Shuleni alisinzia juu ya kibao, na Mwalimu Boazi alipomwita pembeni na kumuuliza nyumbani kuna nini, alijibu, "Hakuna kitu, mwalimu," huku akitazama vidole vya miguu yake. Mwalimu alitaka kuuliza zaidi, lakini kengele ikalia.

Kilichobaki kumsumbua kilikuwa palizi. Ulezi wa Ibaba haupaliliwi na mtu mmoja. Wanawake hukusanyika kwa ujima, leo shamba la huyu, kesho la yule, mpaka nyumba zote ziishe, na kila nyumba hutoa mtu wa kwenda kwa wenzake. Loisi alikwenda badala ya mama yake, akisema mama ana homa kidogo. Aling'oa majani kwenye mashamba ya watu sita, akakosa shule siku sita. Kisha ikakaribia zamu ya nyumba yao wenyewe. Wanawake ishirini wangefika alfajiri, wangeingia ndani kusalimia, wangetaka kumwona mwenye shamba akiwakorogea togwa.

Jumatano akaenda kwa Bibi Tabita, maana yeye ndiye aliyepanga zamu. Alimkuta barazani akivuta ugoro.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona macho yamekuingia ndani hivyo? Huli?"

"Nakula, bibi. Mama amenituma. Anasema kesho msije kwetu. Mturuke."

Bibi Tabita akashusha kidole chenye ugoro. "Tumruke Marita? Nani amempalilia?"

"Tumepalilia wenyewe, bibi. Tumemaliza."

"Basi mama yako ana mikono sita," alisema bibi. Alimtazama mtoto kwa muda mrefu, kisha akageuza uso. "Haya. Mwambie nimesikia."

Bibi Tabita hakuwa mjinga, na wala hakuamini. Lakini tangu siku ya maziko hakuwa amekanyaga kwa Marita. Kila alipotaka kwenda, aliukumbuka ule mdomo chini ya kiganja chake, akatafuta kazi nyingine. Watu wazima nao huogopa, wala si jambo la kuficha.

Kwa hiyo nyumba ya Marita ikarukwa. Majani yakapanda juu ya ulezi, ulezi ukawa wa njano. Loisi alijitahidi kung'oa peke yake kila jioni, lakini alipofika mwisho wa mstari, mwanzo wake ulikuwa umeshaota upya.

Ijumaa ya wiki iliyofuata mvua ilinyesha tangu asubuhi, ikakatika kidogo, ikaanza tena. Loisi aliporudi kutoka shule alimkuta Kefa mlangoni peke yake, anatafuna ncha ya shati.

"Mama yuko wapi?"

"Amekwenda kumfunika mtoto," Kefa alisema.

Loisi alitupa kibao chake akakimbia hadi nyuma ya migomba. Mama alikuwa amelala chini, kwenye tope, kando ya kile kituta kidogo cha udongo. Alikuwa ameitandaza mbeleko juu ya kaburi na kuibana pembe zake kwa mawe, moja baada ya jingine, kwa uangalifu. Mgongo wake mwenyewe ulikuwa wazi, unapigwa na mvua.

"Ana baridi," mama alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza baada ya wiki saba. "Huyu mtoto ana baridi, Loisi."

Loisi alimshika kwapani, akavuta. Hakuweza kumsogeza hata hatua moja. Akavuta tena, akateleza, akaanguka juu yake. Mwili wa mama ulikuwa wa baridi kama jiwe la mtoni, na kutetemeka kwake, kulikokuwa kukubwa mwanzoni, sasa kulikuwa kunapungua. Loisi akaelewa kwamba kupungua kule si kuzuri.

Upande wa pili wa bonde wanawake wa ujima walikuwa bado shambani, wameinama, hawajali manyunyu. Loisi aliwaona wazi. Akiwaita watakuja, na wakija wataona yote. Aliifikiria kamba. Alimfikiria Kefa akishikwa mkono kupelekwa Mpemba, akigeuka nyuma. Akamtazama mama yake, midomo imekuwa ya rangi ya majivu.

Akasimama, akapiga ukelele kwa nguvu zote alizokuwa nazo. "Jamani, njooni! Mama yangu anakufa!"

Wakaja. Waliacha kila kitu, wakashuka bondeni na kupanda mbio, matope hadi magotini. Waliomtangulia Bibi Tabita walisimama ghafla walipoona mbeleko juu ya kaburi. Mmoja akashika kichwa.

"Amerukwa na akili," alinong'ona. "Aitwe Anyitike. Leteni na kamba, asije akakimbilia mtoni."

Loisi akajitupa juu ya mama yake. "Msimfunge. Hana wazimu. Mimi ninamlisha kila siku, anakunywa uji, anakunywa vijiko vinne. Mimi ndiye ninayewasha moto. Mimi ndiye niliyesema mturuke, si yeye. Msimfunge mama yangu." Maneno aliyoyaficha wiki saba yakamtoka yote kwa pamoja, bila mpangilio, na wanawake wakatazamana kwa aibu.

Bibi Tabita akafika anahema. Akawapita wote, akapiga magoti kwenye tope, akavua kanga yake na kumfunika Marita mgongoni.

"Hakuna kamba hapa," alisema. "Huyu hana wazimu. Huyu ana msiba, na mimi ndiye niliyemnyima kulia. Mkono huu." Akamwegemeza Marita kifuani kwake. "Mwanangu, nisamehe. Mtoto wako alikuwa anaitwa nani?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza. Mvua ilisikika kwenye majani ya migomba. Midomo ya Marita ikatikisika mara mbili bila sauti.

"Amoni," akasema. "Nilimwita Amoni."

Kisha akalia. Loisi hakuwa amewahi kumsikia mtu mzima akilia hivyo, na kwanza alidhani mama yake ndiyo anakata roho. Bibi Tabita hakumziba mdomo. Alimshikilia tu, akalia naye, na wale wanawake, ambao karibu kila mmoja wao alikuwa na kichanga chake nyuma ya migomba, wakakaa chini kwenye tope mmoja mmoja, wakalia pia.

Walimbeba hadi ndani, wakamkausha, wakamweka karibu na moto. Siku tatu walilala pale msibani, wakaweka matanga ya Amoni, jambo ambalo Ibaba haikuwa imeliona kwa mtoto wa siku kumi na tisa. Wazee wawili watatu walinung'unika, lakini Bibi Tabita aliwaambia kwamba yeye amewazalisha wake zao wote na hana la kujifunza kwao kuhusu matumbo. Mwalimu Boazi alikuja na wanafunzi wake, wakaimba, akasali akilitaja jina la mtoto. Halafu akaketi na Loisi, wakamwandikia baba barua ya kweli.

Lakini nisiwadanganye. Marita hakupona siku ya tatu, wala ya kumi. Kuna asubuhi alizoamka akatwanga na hata kuuliza chumvi iko wapi, na kuna asubuhi aligeukia ukutani tena. Nusu ya ulezi ilikuwa imekwisha kufa.

Ule uliobaki wanawake waliupalilia Jumatatu, matanga yalipokwisha. Walipomaliza, Bibi Tabita aliwakusanya kwenye ukingo wa shamba, akapanga zamu mpya. Kila siku mwanamke mmoja atakuja kukaa na Marita. Akitaka kusema, atamsikiliza, na akinyamaza, atanyamaza naye. Loisi alisimama nyuma yao na mtungi wa togwa, anasikiliza. Walipotawanyika, bibi akamwita.

"Loisi, mjukuu wangu, wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Kidogo kituumbue sote. Wewe ulificha kwa sababu ulitupenda kidogo na kutuogopa sana, na kosa hilo nusu yake ni letu. Lakini lishike neno hili. Kwa palizi tunaita watu ishirini, na majani hayajawahi kuua mtu. Huzuni inaua, nayo ukataka kuipalilia peke yako. Moyo ukiugua, nyumbani kwako au kifuani mwako, sema. Mwambie mwalimu, mwambie jirani, niambie mimi. Asiyekusikia, mwache, nenda kwa mwingine."

"Nimesikia, bibi." Loisi alihesabu kwa vidole siku alizozisikia zikitajwa, kuanzia Jumatatu mpaka Jumapili, akaona kuna jina halikutajwa. "Na zamu yangu mimi ni siku gani?"

Bibi Tabita akampokea mtungi, akauweka chini.

"Wewe huna zamu. Wewe ni mtoto, na umefiwa na mdogo wako. Wiki zote hizi hakuna hata mmoja wetu aliyekupa pole." Akamshika mikono yote miwili, kama wanavyoshikana watu wazima msibani. "Pole, Loisi. Pole sana kwa Amoni."

Loisi alitaka kujibu kama alivyofundishwa, kwamba amekwisha kupoa. Hakuweza. Alikaa palepale kati ya mistari ya ulezi akaanza kulia, na bibi akakaa kando yake mpaka alipomaliza.