Watoto Waliokuja kwa Alfabeti

Jumatatu tarehe 24, saa tano kasoro dakika kumi asubuhi, karani wa kituo cha kulelea watoto aliandika 118 kwenye kompyuta yake, akasoma, akakuna kichwa, akasoma tena. Kwa mujibu wa kompyuta, mtoto nambari 118 alikuwa mvulana, na siku alipoletwa kituoni alikuwa amevaa gauni la kijani lenye vifungo vitatu.

"Dada," alimwuliza mwanamke aliyekaa mbele yake, "huyo mdogo wako ni wa kike au wa kiume?"

"Wa kike. Nilimbeba mgongoni mwenyewe. Na vifungo vilikuwa vinne, kimoja kilidondoka njiani."

Mwanamke huyo alikuwa fundi cherehani. Miaka ishirini na sita iliyopita, yeye akiwa na miaka tisa, baba na mama walifariki ndani ya mwezi mmoja. Alimleta mdogo wake wa miezi kumi na moja kwenye mlango huu huu, akapewa kikaratasi chenye nambari 118, akaambiwa aende. Mtoto alipewa jina jipya, maana ndiyo ilikuwa kawaida ya kituo, na jina hilo dada mtu hakuambiwa. Mwezi huu bodi ya vituo ilikuwa imewaruhusu ndugu kusoma kumbukumbu. Alikuwa wa kwanza kwenye foleni.

Karani alijaribu 117. Akapata msichana aliyefika "amenyolewa, ana ndevu za mkaa, anasema yeye ni askari". Alicheka. Akajaribu 119, kisha 120. Hapo kicheko kikamkauka.

"Dada, rudi keshokutwa," alisema. "Hapa kuna kitu kimeharibika, na naapa si mimi."

Keshokutwa, Jumatano saa tatu asubuhi, bodi ilimtuma mchunguzi wake wa faili, mzee mwembamba ambaye kila mtu alimwita Chujio. Alikuwa amefukuzwa kazi mara mbili kwa kusema ukweli mapema mno. Siku hizi aliusema baada ya chai. Hakuja na pingu. Alikuja na programu kwenye diski ndogo.

Hifadhidata ya kituo ilikuwa faili moja ndani ya kompyuta moja, isiyounganishwa na mtandao wowote. Karani aliifungua kupitia fomu, akaona mtoto mmoja mmoja, kama mtu anayechungulia nyumba kwa dirisha la sebuleni. Programu ya Chujio ilipita mlango wa uani, ikachapa kila kitu kilichomo: majedwali, safu zake, lipi limeunganishwa na lipi, maulizo yaliyohifadhiwa, yaani maswali ambayo mtu huiandikia kompyuta imtafutie kitu, hata yale yaliyofichwa, na saa ambayo kila kimoja kilitengenezwa. Printa ililalamika kwa kurasa arobaini na moja.

Majedwali yenye maana yalikuwa mawili. La kwanza, Watoto: nambari, jina, jinsia, mwaka wa kuzaliwa, alikopelekwa. La pili, Walivyofika: nambari, tarehe, aliyemleta, alivyovaa. Kilichounganisha mtoto na habari zake ni ile nambari tu. Hakukuwa na uzi mwingine.

Chujio alisoma kwa kalamu nyekundu. Ukurasa wa tatu, alipiga duara: jedwali la Watoto lilitengenezwa Jumanne tarehe 4 mwezi huu, saa nne na dakika hamsini na mbili asubuhi. Kituo kina miaka thelathini. Duara la pili: safu ya nambari, ambayo fundi yeyote huanza nayo, ilikuwa ya mwisho. Duara la tatu: nambari za Watoto zilikwenda moja hadi mia mbili na kumi na mbili bila kuruka hata moja, lakini za Walivyofika ziliruka ruka hadi mia mbili arobaini na tisa. Duara la nne: mahusiano kati ya majedwali, hakuna.

Akamwita karani.

"Tarehe nne saa nne ulikuwa wapi?"

"Mzee, Jumanne mimi hupeleka watoto kliniki. Nilikuwa na tisa, na mmoja alinitapikia. Muulize nesi, alicheka mpaka akakaa chini."

"Neno la siri la kuingia ndani ya majedwali unalijua?"

"Mimi? Mimi najua fomu. Wanaojua ni fundi wa kompyuta na Mama Mlezi."

"Nambari zilikuwa zinaruka zamani?"

"Sana! Mtoto akiandikwa mara mbili tunafuta, pengo linabaki, sababu naiandika kwenye daftari. Mkaguzi huwa anauliza pengo moja moja. Ananichosha huyo."

Fundi wa kompyuta alifika saa tano, amekunja uso tayari. Mwezi uliopita aligombana na kituo hadharani, akasema faili lao litakufa siku moja na yeye atapiga makofi.

"Najua mnanitafuta mimi," alisema kabla ya salamu.

"Kaa, kaka. Nakala ya akiba iko wapi?"

"Ninayo moja. Kila Ijumaa naandika juu ya ile ya wiki iliyopita."

Chujio alihesabu kwa vidole. Tarehe 7, tarehe 14, tarehe 21. Ijumaa tatu. Nakala ilikuwa imejaa uharibifu ule ule, umetunzwa vizuri kabisa.

"Na kadi za zamani, za karatasi?"

"Zilisagwa chumba kilipofanywa bweni. Nilisema zisisagwe." Fundi alinyoosha mikono yote miwili pamoja. "Haya, nifungeni basi."

"Nikufunge vipi? Tarehe nne, saa nne hadi saa sita, ulikuwa chini ya meza yangu mimi unatafuta waya. Nilikuletea chai na ukaimwaga."

Fundi alimtazama kwa hasira. "Ulikuwa unajua muda wote huo?"

"Nilitaka habari ya nakala kwanza. Mtu mwenye hofu hajisifu kwa uongo. Nijibu moja la mwisho: kuna mtu yeyote hapa uliyemfundisha kutengeneza jedwali upya?"

"Mama Mlezi, kwa orodha ya shuka za stoo. Unafuta uhusiano kama upo, unanakili kwa mpangilio wa majina, unaongeza safu mpya ya nambari. Inakuwa safi."

Chujio alifungua orodha ya Watoto, akateremsha kidole. Wa kwanza jina lake lilianza na A. Wa mwisho, Z. Mia mbili na kumi na wawili, kwa miaka thelathini, wote wamefika mlangoni kwa foleni ya alfabeti.

Fundi aliona. "Mungu wangu," alisema. "Amewafanya shuka."

Saa saba na robo mchana walikaa ofisini kwa Mama Mlezi: Chujio, karani, na fundi cherehani, aliyekataa kusubiri nje. Mama Mlezi alikuwa mlezi mkuu wa kituo, mwanamke mpana, mwenye sauti ya kubembeleza homa ishuke.

"Pole sana, mwanangu," alimwambia fundi cherehani. "Mashine hizi hazina utu."

"Mashine iliuliza mara mbili, Mama," Chujio alisema. "Haikubali kufuta safu ya nambari mpaka uhusiano ukatwe. Inauliza, una uhakika? Mtu akajibu ndiyo. Kisha inauliza tena."

"Labda fundi wa kompyuta."

"Alikuwa kwangu. Karani alikuwa kliniki, anatapikiwa. Amebaki mmoja mwenye neno la siri." Aliweka ukurasa wa thelathini na nane mezani. "Hili ni ulizo lililofichwa, la siku hiyo hiyo, saa nne na dakika thelathini na moja. Linamtafuta mtoto mmoja tu, nambari 64. Dakika ishirini na moja baadaye hayupo. Lakini ulikuwa umeshakata uhusiano, kwa hiyo habari za kufika kwake zimebaki. Watoto mia mbili na kumi na wawili, kufika mia mbili na kumi na tatu. Nisome?"

Mama Mlezi aliusukuma ukurasa pembeni; Chujio akaurudisha.

"'Wa kike, siku tano, amekutwa mlangoni na mlezi wa zamu.' Miaka ishirini na minane iliyopita. Mlezi wa zamu alikuwa nani, Mama?"

Karani alikohoa, akatazama sakafu. Kituo kizima kilijua kwamba Mama Mlezi ana binti mmoja, mwalimu, wa miaka ishirini na minane. Kilichojulikana pia ni kwamba alimzaa mwenyewe, kwa uchungu wa siku mbili. Alipenda sana kuusimulia.

"Bodi ilitangaza kwamba majina yote ya watoto yatabandikwa getini tarehe kumi," Mama Mlezi alisema mwishoni. "Yote. Na binti yangu anapita pale kila siku kunisalimia. Mashine ilikataa mpaka nikate uhusiano; nikaukata, nikamfuta yeye tu. Halafu nikaona pengo, nikajua mkaguzi atauliza. Nikaziba mapengo yote. Nilidhani nambari ni nambari. Walikuwamo wote, majina yao yote, mazuri, yamepangwa..."

"Rudisha," fundi cherehani alisema.

"Mwanangu..."

"Uliyepanga ni wewe. Pangua."

Mama Mlezi alimgeukia Chujio, naye Chujio, aliyekuwa na jibu la kila kitu tangu asubuhi, akajikuta anapanga karatasi zake zilizokwisha pangika. "Haipanguki, dada. Programu yangu inaonyesha kilichovunjika na saa kilipovunjika. Kuunga haiwezi. Mpangilio wa zamani haujaandikwa popote."

"Basi yeye akumbuke! Si alimlea?"

"Nimelea wengi," Mama Mlezi alisema, machozi yakimtoka. "Gauni la kijani nalikumbuka. Aliyelivaa, sura haiji."

Fundi cherehani alivuta kiti chake karibu na meza. Kisha akauliza kwa sauti ya mtu anayepima kitambaa: "Wasichana waliozaliwa mwaka wake ni wangapi?"

Chujio alipekua kurasa zake, akahesabu. "Kumi na wanne. Tisa wana anwani, za zamani. Watano imeandikwa tu 'amechukuliwa na familia'."

"Chapa."

Karani alikwenda kuchapa. Akiwa bado nje, mlango ulifunguliwa, binti yake Mama Mlezi akaingia na mkoba wa madaftari, ametoka kufundisha.

"Shikamooni. Mama, mbona unalia? Kuna nini?"

Mama Mlezi alifungua mdomo. Chujio alitazama dirishani. Karani akarudi na karatasi moja, akampa fundi cherehani, naye akaisoma kuanzia juu hadi chini, jina kwa jina, polepole.

Binti alikuwa amesoma tangazo la getini, akatambua kwamba huyu ni mmoja wa wale wanaotafuta ndugu. Akamgusa bega kwa upole.

"Umempata ndugu yako, dada?"

"Nimewapata kumi na wanne," alisema fundi cherehani.