Kumi na Mbili Hadi Nane

Kazi yangu ni kukata karatasi. Nimeifanya miaka ishirini na sita katika kiwanda kimoja cha uchapaji. Wengine wanachapa, wengine wanafunga vitabu. Mimi nasimama kwenye mashine yenye kisu kirefu kama mkono wangu. Napanga karatasi, nazisawazisha kwa kiganja, navuta mpini, kisu kinashuka. Karatasi mia tano zinakatika kama siagi. Ndiyo maana wenzangu wananiita Mzee Wembe.

Nina vidole kumi. Mkata karatasi akimaliza miaka ishirini na sita na vidole vyote, anastahili pongezi. Wakubwa hawajawahi kunipa. Lakini vidole ninavyo, na hadithi hii ni ya vidole hivyo.

Mke wangu alifariki miaka mitatu iliyopita. Alikaa siku mbili kwenye benchi la hospitali akisubiri kitanda. Mwenye ufunguo wa wodi alikuwa mkutanoni. Sitasema zaidi.

Alipokuwa hai, sikuwahi kujua saa ya kula. Nilisikia tu, "Njoo ule, kinapoa!" nikaenda. Alipoondoka, saa ya kula iliondoka naye. Nikawa nakula nikiwa nimesimama, mkate leo, mkate kesho. Tumbo likatangulia mbele, mimi nikalifuata nyuma. Nikapimwa, nikaambiwa nina presha, nikapewa vidonge.

Basi siku moja wakubwa wa kiwanda wakaamua kwamba wafanyakazi wamenenepa. Wao wanakaa kwenye viti vya kuzunguka, sisi tunasimama kutwa, lakini walionenepa ni sisi! Wakaokota maneno huko walikoyaokota, wakayapachika kwenye karatasi ya kijani. Tukaichapa wenyewe. Nikazikata mwenyewe, nakala elfu mbili. Iliandikwa hivi:

PUNGUZA UZITO! FUNGA SAA 16. KULA NDANI YA SAA 8 TU. DIRISHA LA KULA: 12 – 8.

Mimi niliacha shule darasa la nne. Nasoma polepole, lakini nasoma. Nyumba yangu ina madirisha mawili na yote yanatazama ukuta wa jirani. La kula sikuwahi kuliona. Nikasoma tena: kumi na mbili hadi nane. Nikahesabu kwa vidole. Kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa nane usiku ni saa nane kamili. Hesabu ikakubali. Nikasema, kumbe wakubwa leo wamesema jambo la maana.

Nikaanza.

Asubuhi sikutia kitu mdomoni. Mchana vilevile. Nilikunywa chai kavu, vikombe sita au saba, ili macho yasifunge. Jioni saa kumi na mbili ilipogonga, nilikula kama mtu aliyetoka kifungoni. Saa nne nikala tena. Kisha nikatega simu iniamshe saa saba na nusu usiku, nile mara ya mwisho kabla dirisha halijafungwa. Saa kumi na moja alfajiri naamka kwenda kazini. Piga hesabu mwenyewe, uone nililala kwa saa ngapi.

Pale kiwandani kuna mfunga vitabu mmoja tunayemwita Gundi. Mdomo wake haukauki. Saa sita mchana alifungua bakuli lake la wali na maharage.

"Mzee Wembe, karibu tule."

"Dirisha langu bado," nikamjibu.

"Dirisha? Mimi sina dirisha, nina mlango, na uko wazi." Akafungua mdomo mkubwa, wenzake wakacheka.

Nikawatazama wale waliosema nao wanafuata karatasi ya kijani. Wote walikuwa wanakula, saa sita mchana, bila aibu! Nikasema moyoni: waongo hawa. Mimi peke yangu ndiye mtu wa ahadi.

Wiki ya tatu kichwa kikaanza kuniuma kila siku. Nikawa mkali. Binti yangu anakaa nami, ni fundi cherehani, anashona sare za shule kule sebuleni. Aliniwekea chai na yai asubuhi.

"Baba, kula kidogo."

"Usinifuatefuate kama mama yako!"

Alichukua lile yai akalirudisha jikoni, na mimi nikatoka bila kuaga. Neno lile lilinifuata hadi kiwandani.

Wiki ya sita ndipo yaliponikuta. Tulikuwa na kazi ya majalada ya madaftari ya watoto. Nilipanga karatasi, nikaziegemea kidogo tu. Mashine yetu ni ya zamani. Ina chuma cha kuzuia mkono usiingie chini ya kisu, lakini kilivunjika. Mkubwa alisema kitatengenezwa wiki ijayo. Wiki ijayo hiyo hatujawahi kuiona mpaka leo.

Sikumbuki kufumba macho. Nakumbuka mlio wa kisu. Nikatazama chini. Kipande cha mkono wa shati langu, chenye kifungo chake, kilikuwa upande wa pili wa kisu. Majalada mia tano yalikuwa yamekatwa katikati.

Nikahesabu vidole. Kumi. Nikahesabu tena.

Msimamizi alikuja mbio. Uso wake ulikuwa mweupe kama karatasi zetu.

"Mzee, umesinzia kwenye kisu!"

"Tengenezeni kile chuma," nikasema.

"Chuma ni chuma, usingizi ni usingizi. Kuanzia leo hushiki mashine hii. Shika ufagio. Mwisho wa mwezi nitakutazama. Nikikuona bado unasinzia, ufagio ndio kazi yako mpaka ustaafu."

Miaka ishirini na sita, halafu ufagio! Gundi mwenyewe hakupata la kuchekesha siku hiyo.

Nilipofika nyumbani, binti aliona shati. Nikamsimulia habari ya kisu na ufagio. Aliligusa pale lilipokatika, kisha akatoka nje. Baada ya muda akarudi na jirani yetu, Mama Mizani. Huyu ni mhudumu wa afya. Anapima watoto kliniki, na mizani yake iko kwenye mfuko begani kila aendako. Umri wake ni kama wa binti yangu, lakini anapozungumza, unakaa kitako.

Alinipima presha. Akakunja uso.

"Baba, hii imepanda. Kesho asubuhi uende kliniki ukamwone daktari, sitaki kusikia habari ya ufagio. Sasa nisimulie jana. Ulikula nini, na saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili jioni, wali. Saa nne, mkate na nyama. Saa saba na nusu usiku, viazi."

"Saa saba na nusu ya nini?"

"Ya usiku."

"Na vidonge vya presha?"

"Niliambiwa nimeze baada ya kula. Basi nameza usiku huohuo, nikikumbuka."

Akaweka kalamu chini. "Nani alikuambia ule usiku wa manane?"

Nikaleta karatasi ya kijani. Nikamwonyesha kwa kidole. "Kumi na mbili hadi nane. Saa nane kamili. Nimehesabu."

Mama Mizani alitazama karatasi, akanitazama mimi. Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia. Kisha akaona shati, akaacha kucheka.

"Baba, hizi ni saa za simu. Kwenye simu, kumi na mbili ni saa sita mchana. Nane ni saa mbili usiku. Walitaka watu wale mchana."

"Saa za simu nazijua," nikasema, "lakini karatasi imeandikwa Kiswahili!" Nikawakumbuka wale waongo wa saa sita na mabakuli yao.

Binti yangu akaziba mdomo kwa kiganja. Nilidhani anacheka. Kumbe analia. "Baba, nilikuwa nasikia sufuria usiku. Nikadhani unamlilia mama. Nikasema nisikuingilie."

"Nilikuwa namenya viazi, mwanangu," nikasema. Hapo tukacheka wote watatu, na machozi yakiwemo.

Kisha hasira ikaniingia. "Wangeandika 'saa sita mchana' wangepungukiwa nini? Wino? Wino tunao mapipa!"

"Hasira yako ni ya haki," akasema Mama Mizani. "Ila hasira haimshibishi mtu wala haimlazi. Na nikuambie lingine. Hata ungeisoma sawasawa, isingekufaa. Anayemeza dawa za presha au za sukari, mjamzito, anayenyonyesha, hawa wasianze kujifunga kula kabla ya kuuliza kliniki. Na wewe unaanza kazi asubuhi, kwenye kisu. Karatasi moja haiwezi kumfaa kila mtu."

"Basi kesho nile asubuhi, mchana na jioni, nijaze sahani, nilipize?"

"Hapana. Tumbo lako limesahau asubuhi. Usilivunjie mlango, libishie hodi. Kesho anza na yai moja na kipande cha mkate, au ndizi na maziwa. Kidogo tu. Mchana kula mlo wako na wenzako: maharage au samaki, mboga, wali wa kiasi. Jioni kula mapema, saa moja. Ukisikia njaa baadaye, kunywa maziwa au kula tunda, halafu basi."

"Na usingizi? Usiku macho yananitoka kama ya bundi."

"Ni hiyo chai, na hilo tumbo linalofanya kazi usiku. Chai mwisho saa nane, na safari hii ni nane ya mchana!" Akanyanyua kidole. "Hiyo simu ilale sebuleni. Kila baada ya siku mbili tatu, panda kitandani nusu saa mapema kuliko ulivyozoea. Lakini kuamka usibadilishe, hata siku ya mapumziko. Ukiamka, toka nje, uone mwanga wa asubuhi."

Siku ya pili daktari wa kliniki alinipangia vidonge nimeze asubuhi. Akanipa na siku ya kurudi.

Yai la kwanza lilinishinda. Nilikula nusu, nusu nikampa paka wa jirani. Siku ya nne nikalimaliza. Siku ya saba nikaamka na kitu ambacho sikukijua mara moja. Ilikuwa njaa ya asubuhi. Nilikuwa sijaisikia tangu mke wangu afariki.

Mchana nilipeleka bakuli langu kiwandani. Gundi aliniona akasimama.

"Jamani, dirisha limefunguka!"

"Sogea huko," nikamwambia, "unanizibia mwanga." Nikakaa nao. Nilipowaeleza kosa langu, walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Nikawaacha wacheke. Niliwaita waongo wiki sita, nilistahili.

Usingizi ulikuja polepole. Usiku wa kwanza nililala saa saba. Baadaye saa sita na nusu, baadaye saa sita. Kufagia nako kulinichosha, ndio ukweli, na kulisaidia. Lakini siku moja ya mapumziko nilivuruga kila kitu. Nililala mpaka saa tano asubuhi, kisha nikala mpaka mkanda ukagoma. Usiku macho kodo. Kesho yake nilimwambia Mama Mizani kwamba nitakaa siku nzima bila kula, nilipie.

"Usithubutu," akasema. "Umeteleza, hujaanguka. Mlo unaofuata uwe wa kawaida, basi yameisha. Ukijinyima leo, usiku utajikuta umevamia sufuria tena."

Nikamtii. Yakaisha kweli.

Mwisho wa mwezi ukafika. Presha ilikuwa imeshuka. Kichwa kilikuwa kimeacha kuniuma. Nilikuwa napanda kitandani saa tatu na nusu. Msimamizi aliniita kwenye mashine. Nilitazama chini ya kisu, nikaona kitu kipya: chuma cha kuzuia mkono. Kiling'aa. Ilibidi shati la mtu likatwe ndipo wiki ijayo ifike.

"Kata," akasema msimamizi, akakunja mikono.

Nikapanga karatasi. Nikazisawazisha kwa kiganja. Kisu kilishuka, ukingo ukatoka mnyoofu kama uzi uliovutwa. Akapitisha kidole, akaitikia kwa kichwa. "Ufagio urudishe stoo, Mzee Wembe."

Hakusema pole. Sikuitegemea.

Wiki hiyohiyo ikaletwa kazi ya kukata. Nilipoona rangi ya kijani, nilijua. Wakubwa walitaka nakala nyingine elfu mbili, ziende viwanda vingine. Nikachukua karatasi moja, nikaenda nayo ofisini kwa mkubwa, na vumbi langu. Nilikuwa na kile kipande cha shati mfukoni. Nikakiweka mezani kwake, na kifungo chake juu.

"Hii ndiyo tafsiri ya karatasi yako," nikamwambia. "Kumi na mbili ipi? Nane ipi?"

Alianza kusema kwamba kila mtu anaelewa. Kisha akaisoma tena, taratibu, kama ninavyosoma mimi. Akauliza nani anaweza kuiandika upya. Nikamwambia yuko jirani yangu, ana mizani begani, na wala hajawahi kuitwa kwenye mikutano yao.

Karatasi mpya ni nyeupe. Haina dirisha. Inasema ule asubuhi, mchana na jioni mapema. Saa zote zimeandikwa kwa maneno. Chini kabisa imeandikwa: Kabla ya kuanza kujifunga kula, uliza kliniki. Nilizikata zote mwenyewe.

Leo asubuhi nilimkuta binti yangu jikoni. Alikuwa ameweka mayai mawili mezani, moja langu, moja lake. Akanitazama usoni.

"Baba, ulilala?"

Nikafikiri. Nikatafuta usiku kichwani, nisiuone.

"Sikumbuki," nikamwambia.

Akacheka, akanimiminia chai. Nikakaa kitini, nikala.