Nilifunga Mbegu za Mama Mkwe Wangu Ndani ya Pipa

Ndugu wasomaji, mimi ni mtu wa miaka arobaini na saba, Mtaita, fundi wa bati hapa Voi. Mikononi nina makovu ya risasi ya kulehemia bati, na moyoni nina jambo ambalo nimechoka kulibeba. Leo nalitua mbele yenu... Mnicheke mkitaka.

Kwanza mnijue. Shule nilifika darasa la pili tu, kisha nikaenda kukata mkonge. Kazi ya bati hakuna aliyenifundisha! Niliokota madebe ya mafuta ya taa nyuma ya maduka, nikakata, nikapiga nyundo, nikaharibu mengi, mpaka siku moja koroboi yangu ikawaka bila kuvuja. Leo ukiona ndoo au karai zuri kutoka Mraru mpaka Taveta, uliza limetengenezwa na nani. Watakutajia jina langu. Huko si kujisifu, ni kweli tu.

Basi, serikali ilikuwa na maabara yake, mbali na huku, ambako walifanya majaribio ya kuhifadhi nafaka. Walibuni pipa la bati linalofungwa kabisa hewa isipite. Fukusi aliyemo ndani anakosa pumzi, anakufa mwenyewe, bila dawa yoyote. Lakini maabara si duka. Walitaka mafundi wadogo kama sisi tuyatengeneze mapipa hayo na kuyauza, nao watufundishe bure. Wakamleta kwangu Bwana Mwandoe, mtu wa Kishushe, rika langu, ambaye alikuwa amefanya kazi katika maabara ile miaka mingi.

Kwa nini mimi? Kwa sababu walizunguka wilaya nzima wakaona hakuna fundi mwingine! Hata Bwana Mwandoe alikiri. Alikaa nami majuma matatu. Pipa la kwanza tulilijaza maji, likavuja mahali pawili. La pili, mahali pamoja tu. La tatu halikutoa hata tone. Akanipiga bega, akasema, "Fundi, wewe ungezaliwa na vitabu ungetushinda sote."

Nilivimba kichwa, wasomaji. Nilivimba!

Siku ya kuondoka alinikabidhi chupa tupu yenye kizibo. Akanieleza kwamba pipa hili halitaki mahindi mabichi. Yakifungwa na maji ndani yake, yatachacha na kuoza. Kwa hiyo kabla ya kufunga, kausha chumvi vizuri, itie kwenye chupa kavu pamoja na mahindi kidogo, tikisa sana. Chumvi ikishika kando ya chupa, mahindi bado. Rudisha juani. Isiposhika, funga.

"Pipa lisitoke hapa bila mwenyewe kufundishwa chupa," aliniambia. "Hiyo ndiyo nusu ya kazi."

Mimi nikacheka. "Bwana Mwandoe, mahindi hayo ni mboga, yatiwe chumvi?"

Hakucheka. Alirudia maneno yake mara ya pili, mke wangu Wakesho akiwa amesimama mlangoni anasikia kila kitu. Mnikumbukie hilo.

Mwanzoni nilifuata. Lakini wateja! Ukimwambia mtu habari ya chupa na chumvi, anakutazama kama mganga. Mmoja wa Mboghoni aliniuliza kama baada ya kutikisa nitamtabiria na mvua. Watu wakacheka, nami nikaona aibu. Fundi mkubwa kama mimi, natikisa chupa kama mtoto? Nikaitupa chini ya meza ya kazi. Watu wa tambarare wenye jua kali hawakudhurika, mahindi yao yalikuwa makavu tayari. Hapo nikajiaminisha kwamba maneno ya chupa yalikuwa mbwembwe za wasomi.

Sasa sikilizeni kilichonimaliza...

Mama yake Wakesho anakaa juu Mgange, kwenye ukungu. Ni mjane. Mali yake kubwa haikuwa ng'ombe, ilikuwa mbegu. Mahindi meupe, punje ndogo ngumu, aliyoachiwa na mama yake. Mahindi ya kigeni yakishindwa na baridi ya kule, yale yake yanasimama. Kila msimu alichagua mahindi mazuri akayaning'iniza na magunzi yake darini juu ya meko, moshi uyalinde, na majirani wote wa mteremko ule walipewa mbegu kutoka kwake, wao hawakuweka zao. Moshi ulizuia fukusi wengi, si wote. Kila mwaka alipoteza kiasi.

Nikasema, mkwe wako nipo, utateseka vipi? Nikatengeneza pipa zuri kuliko yote niliyowahi kutengeneza. Watu wanne walilipandisha mlimani. Baada ya mavuno nikaenda mwenyewe na vifaa vya kulehemu, ndugu wote wa mke wangu wamekusanyika, chai na ndizi tele. Nikaagiza mahindi yashushwe darini yapukuchuliwe, pamoja na mapya yaliyotoka shamba. Yote!

Kwetu, mkwe na mama mkwe hawakabiliani. Ni heshima. Yeye alikuwa jikoni, mimi uani, ukuta katikati yetu. Akamtuma dada yake kwangu.

"Baba," yule dada akaniambia kwa upole, "mama anauliza kama mahindi hayangekaa juani siku mbili tatu zaidi. Mapya yameingia na unyevu wa ukungu."

Nilitia mkono kwenye mahindi. Nikauma punje moja. Kweli ilikuwa laini kidogo, sitawadanganya. Lakini ndugu wote walikuwa wananitazama! Nirudi Voi bila kufunga? Waseme fundi ameshindwa?

Nikapaza sauti ili asikie. "Mwambieni mama, kitu cha serikali hakiombi jua!"

Uani wote ukacheka. Ndugu yake Wakesho akasema, "Huyu ndiye mkwe, si wale wengine wanaoleta blanketi!" Nami nikalehemu mfuniko ule kwa risasi, pande zote, nikaagiza pipa lisifunguliwe mpaka mvua za kupanda.

Na mama mkwe kule jikoni? Angeweza kusema nini? Mwanamke wa rika lake kumpinga mkwe mbele ya watu?

Majirani watano walioniona siku hiyo walinunua mapipa, wakafunga vile vile.

Wiki kadhaa zikapita. Wakesho alikwenda kumsalimia mama yake, akarudi na uso mzito. Akaniambia pipa lina joto ukiligusa, na pembeni panatoka harufu kama ya pombe. Mama anataka kulifungua, lakini anaogopa kuvunja neno la mkwe.

Wasomaji wenzangu, pale ndipo ningeliokoa jambo! Sehemu ingebaki. Hata debe moja la mbegu... Nilimjibu nini mke wangu? "Nani amemtuma kunusa? Likifunguliwa hewa itaingia, kisha lawama ziwe zangu."

Basi halikufunguliwa.

Mvua ziliponyesha nilipanda Mgange nikiwa nimevaa koti. Nikakata risasi kwa patasi mbele ya watu wote. Mfuniko ulipoachia, wa karibu walirudi nyuma kwa harufu. Ndani palikuwa na kitu cheusi, kimeshikana kama tope lililokauka, na katikati bado cha moto. Nilichimba kwa mkono mpaka chini kabisa nikitafuta punje nyeupe. Sikuipata hata moja.

Mvua ilikuwa inanyesha, mashamba yamelimwa, na mbegu hakuna! Mapipa ya majirani yalikuwa vile vile.

Kisha sauti ya mama mkwe ikatoka jikoni, akimwambia dada yake, "Mwambieni baba asihuzunike. Alitaka kunisaidia."

Afadhali angenitukana.

Mnafikiri nilikiri? Hapana! Hapa ndipo ninapoona haya kuandika. Chifu aliita baraza, bwana mmoja wa maabara akaja pamoja na Bwana Mwandoe. Wakaniuliza kama nilifundishwa kupima ukavu wa mahindi. Mbele ya watu wote nikasema sikufundishwa. Nikasema maabara ilinipa pipa tu.

Bwana Mwandoe akanigeukia. "Fundi... si nilikupa chupa mkononi?"

"Labda ulimpa mwingine," nikajibu.

Wakesho alikuwa amekaa na wanawake wenzake. Alijua. Aliinamisha kichwa, kwa sababu mke haumbui mume barazani. Na kwa neno langu hilo, Bwana Mwandoe aliachishwa kazi aliyoifanya kwa miaka mingi, na mapipa yakapigwa marufuku milimani kote. Pipa ambalo halikuwa na kosa lolote!

Jioni ile sikurudi Voi na mke wangu. Aliniambia kwa sauti ndogo kwamba anabaki kumsaidia mama yake kupanda mbegu za dukani. Ziliota vizuri, zikafika magotini, baridi ikazikausha. Msimu ule mteremko mzima ulikula unga wa kununua. Wakesho mpaka leo yuko kule.

Nilikaa na uongo wangu miezi minane. Kazi ilikuwa inaendelea, nyundo inalia, lakini nilikuwa nimechoka, nimechoka hata kusimama. Mwishowe nikaenda Kishushe, siku nzima kwa miguu kutoka mahali gari liliponiacha. Nikamkuta Bwana Mwandoe anachunga ng'ombe wa watu. Nikamwambia yote, nikamwomba radhi.

Alinisikiliza akiwa ameegemea fimbo. Akasema, "Mimi ukweli naujua, Fundi. Umekuja kumwambia mtu asiyeuhitaji. Kauseme kule."

Nikaenda kule. Nilisimama katika baraza lile lile la Mgange nikasema nilipewa chupa, nikafundishwa mara mbili, nikaona mahindi ni mabichi, nikafunga kwa sababu ya kutaka sifa. Wengine waliguna. Wengine waliendelea na mazungumzo yao. Chifu aliandika barua kwenda maabara, na jibu lilikuja kwamba nafasi ya Bwana Mwandoe imeshapewa mtu. Mbegu ile haipo tena mahali popote duniani. Mke wangu alinisikia nikisema, akaondoka na kuni zake kichwani bila kunitazama.

Enyi mafundi, wenye vinu, wenye maduka madogo mnaoletewa mambo mapya na serikali, nawasihi mimi niliyeungua. Msichukue chombo mkaacha maelezo yake. Usione aibu kusema hujui, na mzee akikuuliza swali kutoka nyuma ya ukuta, nyamaza umsikilize, hata kama umati unakupigia makofi. Na ukikosea, sema siku ile ile, wakati mtu mwingine hajaadhibiwa kwa ajili yako.

Mimi nilisema baada ya miezi minane. Nikakuta hakuna aliyekuwa ananingoja.