Aliyepokea Simu ya Chumba cha Akiba

Mpaka leo hajapatikana wa kueleza ni nani aliyepokea simu ya chumba cha akiba asubuhi ile ya Jumapili.

Hospitali ilikuwa na utaratibu wake. Kila baada ya miezi michache mafundi wa kompyuta waliuzima mtambo mkuu makusudi, waone kama ule wa akiba utaubeba mzigo: majina ya wagonjwa, dawa zao, makundi yao ya damu. Fundi mmoja alizima huku juu, mwingine alikaa chini, chumba cha akiba, na simu ilipolia alijibu neno moja tu: "Nimepokea." Hapo skrini za wodini zilirudi.

Wa kuzima alikuwa Redio, fundi wa kike. Jina hilo alipewa na mjomba wake, mkuu wa kitengo, aliyemlea tangu mama yake alipofariki na kumfundisha kazi kuanzia kushika bisibisi. Redio aliongea na wagonjwa, na wageni wao, na hata na printa iliyokwama. Wa kupokea alikuwa Mjomba mwenyewe, ambaye hakumwachia mtu ufunguo wa kile chumba.

Jumapili ile Redio alizima, akapiga simu.

"Nimepokea."

Akageuka. Mjomba alikuwa amesimama mlangoni, kikombe cha chai mkononi.

"Mjomba! Kumbe hujashuka? Sasa nani yuko chini?"

"Hakuna mtu. Si ndiyo kwanza nafika?" Kisha akaona skrini zimewaka, na chai ikamwagikia viatu. "Ni waya tu zimegusana, mpwa wangu. Usiliongelee."

Lakini Redio alikuwa ameitambua ile sauti. Ilikuwa yake mwenyewe.

Kesho yake aliamka koo limekauka. Si mara ya kwanza. Kila walipozima mtambo sauti ilimkauka kwa muda, naye akalaumu baridi ya kiyoyozi. Safari hii haikurudi.

"Vipi, leo Redio imeishiwa betri?" Muuguzi Mkuu alimtania koridoni, na wodi nzima ikacheka. Redio alicheka pia, bila sauti.

Jioni alimlaza binti yake, akajaribu kumsimulia hadithi kwa kunong'ona.

"Basi, Mama, pumzika," mtoto akasema. "Ya kwenye simu ni nzuri zaidi."

"Simu gani?"

"Si unanipigiaga mchana kwenye simu ya dada wa kazi? Umesema mkizima tena utakuja kulala hapa, na huyu mwenye koo bovu ataondoka."

Asubuhi Redio alichukua ufunguo kwenye koti la Mjomba, akashuka. Mlango ulifunguka bila kelele. Ndani kulikuwa na joto la pumzi, na harufu ya nywele zilizoungua, na lile kabati refu la mtambo ambalo alikuwa akiliona kwenye picha za ripoti tu, likiwakawaka taa zake za kijani, naye akalisogelea akijiambia kwamba ni mashine tu, kwamba mashine zote huvuma, ingawa mvumo huu kadiri alivyoukaribia ulizidi kuwa maneno, na maneno yakazidi kuwa hadithi, ile ile ya sungura aliyoitunga mwenyewe, ikisimuliwa polepole kwa sauti yake, na katikati yake, kwa mbali, kicheko cha binti yake. Akavuta mlango wa kabati. Ndani mlikuwa mtupu. Waya uliingia, ukaishia hewani.

"Funga, mwanangu." Mjomba alikuwa nyuma yake, ananong'ona. "Itasikia."

"Mtambo uko wapi?"

"Ulikufa mwaka ule ule niliouleta. Nilikuwa nimeshawaapia wakubwa kwamba unafanya kazi. Ningewatazamaje? Nikakaa humu nikilia, kikaja kitu kikaniuliza nataka nini."

"Na chenyewe kilitaka nini?"

Mjomba aliinamisha kichwa. "Sauti ya mtu wa damu yangu. Nikasema, chukua ya mpwa wangu. Anayo nyingi."

Redio akafunga kabati. Jina lile alikuwa amelivaa kwa furaha tangu utotoni.

Alipanda moja kwa moja kwa Muuguzi Mkuu, akamnong'oneza yote. Mama yule alisikiliza hadi mwisho.

"Majini mimi siyajui," akasema. "Kabati tupu nalijua. Wagonjwa wangu wote wameegemea kabati tupu?"

Ikaamuliwa hivi: kundi la damu la kila mgonjwa liandikwe kwa kalamu kwenye kadi ya kitandani, mtambo mkuu uzimwe, na ule waya wa chini ukatwe. Wa kuukata awe Mjomba, kwa kuwa ndiye aliyefanya mapatano na kitu kile.

Saa ya kushuka ilipofika, Mjomba alishika fremu ya mlango. "Nenda wewe, mwanangu. Mimi kinanijua."

Redio akamnyang'anya koleo, akamwacha pale juu kando ya simu, akashuka peke yake. Sauti ilimwita jina lake la nyumbani, ikambembeleza kama anavyombembeleza mwanawe. Alikata. Taa zikafa, na koo lake likafunguka kama la mtu aliyeibuka kutoka chini ya maji. Akainua simu.

"Mjomba, nimekata!"

"Nimepokea," ikajibu sauti ya Mjomba.

Akageuka. Mjomba alikuwa amesimama mlangoni. Aibu ilikuwa imemshusha ngazi kumfuata Redio. Mkono wake ulikuwa kooni, midomo inacheza, na hakuna kilichotoka.

Ikaamuliwa tena kwamba waya wa simu ya juu ukatwe, na hospitali itumie kalamu hadi mtambo wa akiba wa kweli ufungwe mbele ya macho ya wote. Aliyeukata ule wa juu ni Mjomba. Redio, sauti yake yote imemrudia, alimshikia tochi na hakuwa na neno la kumpa.