Mukandutiye na Bonde la Mazuku

Mwaka 1956 Mukandutiye alikuwa akilima maharage na viazi vitamu upande wa Rugerero, karibu na Gisenyi. Mumewe, Twagirimana, alivua samaki katika ziwa Kivu, na mtoto wao, Uwimana, alikuwa bado mdogo. Hawakuwa matajiri, lakini sufuria yao haikulala tupu.

Chini ya shamba lao palikuwa na bonde dogo, kama bakuli. Majani yalistawi humo. Wazee walisema pana mazuku, yaani upepo mbaya unaoua, lakini wengi hawakuamini.

Asubuhi moja kondoo wa jirani yao, Habiyaremye, waliingia bondeni kula majani. Wote wakafa. Hawakuwa na jeraha hata moja.

Habiyaremye akaja na watu wengi. Hakupiga hodi.

"We mwanamuke ni mulozi!" alipiga kelele. "Umewapa kondoo zangu sumu. Mutoke hapa mbele ya Jumapili!"

"Mi sitoki," alijibu Mukandutiye. "Nionyeshe hiyo sumu."

"Utatoka tu!"

"Basi njoo unibebe."

Watu walipoondoka, Twagirimana alianza kukunja mikeka. "Mama Uwimana, twende Kanama kwa ndugu yangu," alisema kwa huzuni. "Hawa watu watatuchomea nyumba."

Mukandutiye alimnyang'anya mkeka, akautandika tena. "Tukikimbia, watasema ni kweli. Na hilo bonde litabaki pale pale. Leo limeua kondoo. Kesho litaua mutoto. Nani atajibu?"

Siku ile ile alijitwika viazi, akaenda mjini kwa Saidati, mteja wake. Mume wa Saidati, Dauda, alifanya kazi katika mashua ya watu waliochunguza gesi ya ziwa. Mukandutiye akamweleza yote.

"Dada, hiyo si ulozi," Dauda alisema. "Ni gesi. Keti."

Alileta chupa ya limonadi. "Tazama ndani. Unaona povu?"

"Hapana."

Dauda akafungua chupa. Povu likapanda mpaka mdomoni.

"Gesi ilikuwa wapi?" aliuliza Dauda. "Ilikuwa ndani ya maji, imebanwa. Kifuniko kikitoka, nguvu ya kubana inapungua, na gesi inatoka. Ziwa letu iko vile vile. Kule chini sana, maji ya juu yanakandamiza maji ya chini kwa uzito mukubwa. Gesi inakaa humo, huioni. Sisi tunashusha bomba mpaka kule. Maji yakipanda, mzigo unapungua, yanatoa povu, yanaruka yenyewe!"

"Watu wanasema mulichoma maji ya ziwa."

Dauda alicheka. "Maji hayaungui. Gesi moja inaitwa methani. Ile ndiyo inawaka. Ni nyepesi kuliko hewa, inapaa. Lakini iko na gesi ingine, nzito. Haiwaki. Inazima moto."

"Na bonde langu halina maji."

"Chini ya udongo iko mawe yenye nyufa. Mule ndani maji na gesi vimebanwa na uzito wa mawe. Gesi ikipata ufa, inapanda. Ile nzito inakaa mahali pa chini, kama maji katika bakuli. Asubuhi, kama hakuna upepo, inajaa. Mutu au munyama akiingia, anakosa hewa."

Mukandutiye alisimama. "Basi inaweza kuonekana?"

"Kwa moto, ndiyo. Lakini usiende peke yako. Na usiiname pale."

"Kesho asubuhi utakuja. Nitawaita wote walioniita mulozi."

Kesho yake watu walijaa ukingoni mwa bonde. Dauda aliwasimamisha juu, penye hewa safi. Akawasha mabua kwenye ncha ya mwanzi mrefu, akaushusha polepole. Moto uliwaka vizuri. Ulipofika chini ulizimika ghafla, kama umetiwa majini. Akawasha tena. Ukazimika tena.

Watu wakarudi nyuma hatua moja.

"Ni ujanja wa watu wa mjini!" alisema Habiyaremye. "Mi nitashuka mwenyewe."

Mukandutiye alimzibia njia. "Hutapita."

"Toka, mwanamuke!"

"Hutapita! Uliniita mulozi. Leo sitakuacha ufe, halafu watu waseme nimekuua. Lete kuku wako."

Habiyaremye akakubali. Jirani mmoja alikwenda kumchukua kuku nyumbani kwa Habiyaremye. Wakamweka ndani ya kikapu, wakamshusha kwa kamba. Kuku alipiga mabawa. Kisha shingo yake ikalegea.

"Vuta!" alisema Mukandutiye.

Wakamvuta juu, wakamlaza penye hewa safi. Alikaa kimya. Halafu akafumbua jicho, akajaribu kusimama. Hapo mke wa Habiyaremye, Languida, alianza kulia.

"Mutoto wetu anachunga kule," alisema. "Kila siku anapita kule."

Habiyaremye alisogea mbele. Alimchukua kuku mikononi na kuinamisha kichwa.

"Sema," Mukandutiye alimwambia. "Ulinitukana mbele ya watu. Watu ni hawa."

Habiyaremye akainua uso. "Huyu mwanamuke si mulozi," alisema kwa sauti. "Mi nilikosa. Unisamehe, Mama Uwimana."

Wiki ile waume kwa wake walipanda minyaa kuzunguka bonde, kuwa ua. Twagirimana ndiye aliyekata matawi ya kwanza ya kupanda. Waliwafundisha watoto: msishuke mahali pa chini asubuhi kama hakuna upepo. Mtu akianguka humo, msimfuate. Mvuteni kwa kamba, mkae juu. Tangu hapo hakuna mtu wala mnyama aliyekufa katika bonde lile.

Mvua zilipokuja, habari zilifika kutoka Nyundo. Mbuzi wamekufa shimoni, na mjane mmoja, Mukankusi, anafukuzwa kwa ulozi.

"Hujaitwa huko," Twagirimana alisema.

"Najua," alijibu Mukandutiye. Alikata mwanzi mrefu, akafunga mabua, akashika njia ya Nyundo.